Sadaka Yenye Tarehe



Katika mkutano mmoja wa chama chetu, tulipokuwa tukizungumza juu ya matendo ya huruma, mwenzetu mmoja alitusimulia kwamba katika nchi nyingine watu wenye mali hukusanyika kucheza gofu siku nzima, na fedha wanazolipa huenda kwa wagonjwa wa saratani. Baadhi yetu walicheka. Mama mmoja hakucheka. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika dada yake kwa ugonjwa huo, ambao wengi wetu hapa Kisangani huuita kansere. Aliuliza kwa sauti ya chini: “Wao wanacheza, na mgonjwa wao anapona. Sisi tunalia, na mgonjwa wetu anakufa. Nani kati yetu amempenda zaidi?”

Hatukuwa na jibu siku ile. Tumelitafuta tangu hapo, na kwa kuwa baadhi yetu tumekuwa walimu maisha yetu yote, tumelitafuta pale ambapo mwalimu huanzia, yaani katika historia. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

1. Mchezo unavyogeuka kuwa sadaka

Wengi wetu hatujashika kamwe fimbo ya gofu. Ni mchezo uliokulia kwa Waskoti, nao unahitaji ardhi kubwa iliyopandwa majani, kiasi cha kutosha mashamba ya ukoo mzima. Mchezaji hupiga mpira mdogo kutoka shimo moja hadi jingine, mashimo 18, akihesabu mapigo. Anayetumia mapigo machache ndiye mshindi. Mzunguko mmoja huchukua saa nne au zaidi, nao huchezwa kwa kutembea.

Mambo mawili yaliufanya mchezo huu ufae kukusanyia sadaka. La kwanza ni kwamba mchezaji dhaifu hupewa nafuu ya mapigo kulingana na uwezo wake, hata mfanyabiashara mwenye umri wa miaka 60 aweza kucheza pamoja na bingwa bila aibu. Katika kandanda jambo hilo haliwezekani. La pili ni ule mwendo wa saa nne. Tajiri hulipa fedha nyingi apate kutembea muda wote huo kando ya mtu mashuhuri na kuzungumza naye. Basi waandaaji hutoza kila kundi la wachezaji wanne ada ya kuingia, makampuni hulipia kibao chenye jina lao kwenye kila shimo, jioni huwa na chakula na mnada, na wanaosimamia kazi hiyo wengi wao ni watu wa kujitolea wasiopokea mshahara. Gharama zikishatolewa, kinachobaki huenda hospitalini.

Desturi hii ilikomaa Marekani katika miaka ya 1930. Mwaka 1937 mwimbaji Bing Crosby alianzisha huko California shindano la kuwachanganya mabingwa na marafiki zake wasio mabingwa. Mwaka uliofuata, shindano la Palm Beach, Florida, lilitoa dola 10,000 kwa matendo ya hisani, na kumbukumbu za mchezo huo zinaihesabu kuwa sadaka ya kwanza ya mashindano ya mabingwa. Tangu hapo jambo lililokuwa la mara moja likawa kanuni: kila mji ulioandaa mashindano makubwa ulichagua hospitali, shule au watoto wenye shida, na kuwatolea mapato.

Tusisahau upande wa pili. Yapo mashindano ambayo zawadi na karamu hula sehemu kubwa ya fedha, na mgonjwa akapata makombo. Yapo pia makampuni yanayotafuta jina zaidi ya huruma. Hilo twalikubali mapema, ili tusije tukausifu mchezo mahali pa kuusifu upendo.

2. Mwanamke ambaye hakuficha

Kabla saratani haijapata fedha, ilihitaji kwanza kutajwa jina. Hapa twakutana na Babe Didrikson Zaharias. Alizaliwa Texas mwaka 1911, katika familia ya wahamiaji kutoka Norway. Katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1932 alipata medali mbili za dhahabu, ya kutupa mkuki na ya kuruka viunzi. Baadaye akageukia gofu, akawa miongoni mwa wanawake 13 walioanzisha chama cha wachezaji wa kike mwaka 1950.

Mwaka 1953 madaktari walimkuta na saratani ya utumbo mpana. Wakampasua na kumwekea njia ya choo tumboni. Wakati ule, hata Marekani, neno hilo halikutamkwa hadharani. Familia zilinong'ona, magazeti yalisema “ugonjwa mrefu,” na wagonjwa wengi hawakuambiwa ukweli na madaktari wao wenyewe. Babe alifanya kinyume. Alisema wazi anaugua nini na amekatwa wapi, na baada ya miezi michache tu akarudi uwanjani. Mwaka 1954 alishinda shindano kuu la wanawake la Marekani kwa tofauti ya mapigo 12, akiwa bado na ile njia tumboni. Alianzisha mfuko wa kupambana na saratani wenye jina lake, akasimama mbele ya umma kuwahimiza watu wapimwe mapema. Ugonjwa ulirudi, akafariki tarehe 27 Septemba 1956, akiwa na umri wa miaka 45.

Kisa hiki chatugusa kwa sababu ukimya wa Marekani ya mwaka 1953 ni ukimya wetu wa leo. Katika jumuiya zetu ndogo tumewajua akina mama waliotokwa na damu mwaka mzima bila kumwambia mtu, wakiogopa kusemwa kwamba ni ugonjwa wa aibu au kwamba wamelogwa. Tulipoitwa kusali, uvimbe ulikuwa umeshafika pasipo tiba. Dada wa yule mama tuliyemtaja alikuwa mmoja wao. Hakuna mchango uwezao kumfikia mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujatajwa.

3. Nadhiri kwa Mtume Yuda Tadei

Kisa kinachofuata ni cha Mkatoliki mwenzetu. Amos Muzyad Yakhoob Kairouz alizaliwa Marekani mwaka 1912, mtoto wa wahamiaji maskini kutoka Lebanoni. Alipokuwa kijana alijitafutia riziki kwa kuchekesha watu katika vilabu vya Detroit. Jina lake la jukwaani lilikuwa Danny Thomas. Kazi ilikuwa haba, na mkewe alikuwa mjamzito. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja katika Misa alitoa dola zake saba za mwisho katika sadaka, kisha akatambua kwamba hana cha kulipia hospitali ya uzazi. Aliomba, na kesho yake akapata kazi ndogo iliyomlipa mara kumi ya zile alizotoa. Baadaye, akiwa bado hajui kama aendelee na kazi hiyo au aiache, alisali kwa Mtume Yuda Tadei, ambaye Kanisa humkimbilia katika mambo yaliyokatiwa tamaa. Aliweka nadhiri kwamba akionyeshwa njia yake maishani, atamjengea mtume huyo mahali pa heshima.

Alifanikiwa, akawa tajiri, na nadhiri ikamkumbuka. Alimwendea Kardinali Samuel Stritch wa Chicago kutafuta shauri, na kardinali, ambaye asili yake ilikuwa jimbo la Tennessee, akamwelekeza mji wa Memphis. Sanamu au kikanisa vingetosha kutimiza neno lake, lakini Danny Thomas aliamua kujenga hospitali ya watoto wenye magonjwa yasiyo na tiba. Mwaka 1957 aliwakusanya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu, ili nao wawe na njia ya kulishukuru taifa lililowapokea baba zao, wakaunda chama cha kuichangia. Michoro ya jengo ilitolewa bure na Paul Williams, msanifu majengo Mweusi, wakati ambapo katika miji ya kusini mwa Marekani mtu Mweusi hakuruhusiwa kuketi popote apendapo. Hospitali ya Mtakatifu Yuda ilifunguliwa tarehe 4 Februari 1962. Ilipokea watoto wa rangi zote katika wodi zilezile, na familia hazikudaiwa malipo ya matibabu. Ndivyo ilivyo hadi leo.

Wakati huo, kati ya watoto 100 wenye saratani ya damu ya aina iliyo ya kawaida zaidi utotoni, wanne tu ndio waliopona. Mkurugenzi wa kwanza, Daktari Donald Pinkel, alikataa kuridhika na kuwaongezea miezi michache ya kuishi. Aliunganisha dawa kadhaa kwa wakati mmoja na mionzi, akafuata majaribio hatua kwa hatua, jaribio moja likifundisha jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu nusu ya watoto walikuwa wanapona. Leo, penye dawa na uangalizi kamili, wanapona zaidi ya 90 katika kila 100.

Majaribio ya namna hiyo hayawezi kuendeshwa kwa fedha za dharura. Mtoto anayeanza matibabu huendelea nayo miaka miwili au mitatu, na daktari anayeanza utafiti yampasa ajue kwamba mwaka ujao maabara itakuwa wazi. Hapo ndipo gofu iliingia. Mji wa Memphis ulikuwa na mashindano yake tangu mwaka 1958. Mwaka 1970 yalipewa jina la Danny Thomas, na mapato yakaelekezwa kwa hospitali hiyo. Kila mwaka, majira yaleyale, wachezaji wakaja, watazamaji wakalipa, watu wa kujitolea wakauza maji na kuongoza magari. Mwaka 1977, katika mashindano hayo, Al Geiberger alimaliza mzunguko kwa mapigo 59, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika mashindano ya mabingwa wa Marekani. Magazeti yaliandika juu ya mapigo hayo, nao watoto wakaendelea kupata dawa zao. Kwa miaka mingi mashindano hayo yameipatia hospitali makumi ya mamilioni ya dola. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha za hospitali hutoka kwa watu wa kawaida wanaotoa kidogo kila mwezi. Gofu ilikuwa kengele ya kuwakumbusha.

Danny Thomas alifariki mwezi Februari 1991, akazikwa katika bustani ya hospitali ile.

4. Watoto wa Kampala

Mtu aweza kudhani kwamba hiki ni kisa cha matajiri waliogundua kila kitu, na Afrika kungoja mkono ukiwa wazi. Historia yasema vingine.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto ambaye mataya yake yote mawili yalikuwa yamevimba. Muda mfupi baadaye, katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Alianza kuandika barua na kutuma picha kwa madaktari wa hospitali za serikali na za misheni, akiwauliza kama wameuona. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri kiasi cha kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuchora ramani. Wakagundua kwamba ugonjwa huo hupenda nchi za joto na mvua. Ukanda huo wapita pia katika msitu wetu wa Tshopo, na wauguzi wa huku wanaijua sura ya mtoto yule.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona ndani yake virusi, vya kwanza kupatikana katika saratani ya binadamu. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Humo daktari kijana wa Marekani, John Ziegler, pamoja na wenzake Waganda, walionyesha kwamba uvimbe huo waweza kuyeyuka kwa dawa na mtoto akaishi. Huko Ibadan, Nigeria, daktari Mkameruni Victor Anomah Ngu alikuwa akifanya kazi iyo hiyo.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa za tiba duniani, iligawiwa madaktari walioonyesha kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa. Katika orodha ile moja tunasoma jina la Pinkel wa Memphis, na pamoja naye Burkitt, Ziegler na Ngu. Maana yake, mtoto wa Memphis aliyepona alikuwa na deni kwa mtoto wa Kampala aliyekubali, yeye na mama yake, kutibiwa kwa dawa ambayo hakuna aliyekuwa na hakika nayo. Afrika nayo ilichangia. Haikutoa dola, ilitoa watoto wake. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya sadaka za utafiti, tusiinamishe vichwa kama watu wasiowahi kutoa kitu.

5. Mashine ilipokufa

Lakini tuzo haimlishi mgonjwa. Serikali ya kijeshi na vita vilivyofuata viliirudisha Uganda nyuma, na kituo kile kiliponea chupuchupu. Mapema mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima, iliyokuwa imefanya kazi tangu mwaka 1995, iliharibika kabisa. Mashine hiyo ilikuwa ikiwahudumia hata wagonjwa wa nchi jirani, Kongo ya mashariki ikiwamo. Nyingine haikuanza kazi hadi mwishoni mwa mwaka 2017. Kwa muda huo wote mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliambiwa aende Nairobi au India, kama ana uwezo.

Kabla ya msiba huo, tangu mwaka 2012, klabu za Rotary za Uganda zilikuwa zimeanzisha mbio za kila mwaka kwa ajili ya saratani. Ni maelfu ya watu wanaonunua fulana na kukimbia au kutembea, kila mmoja akilipa kidogo. Fedha zilielekezwa mahali pamoja palipotajwa tangu mwanzo, hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Nsambya, mali ya Jimbo Kuu la Kampala. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1903 na Masista Wafransisko chini ya Mama Kevin. Wodi ya saratani ikajengwa. Mashine ilipokufa Mulago, mbio zikapewa lengo kubwa zaidi, kujenga vyumba vya mionzi vyenye kuta nene. Kule Kenya viwanja vya gofu vimekuwa na mashindano ya namna hiyo kwa miaka mingi. Waganda hawakungoja kiwanja cha gofu. Barabara yatosha.

Na pale pale Nsambya kulianza jambo jingine ambalo halikuhitaji mashine. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa sista mmisionari, alianza kuwahudumia wagonjwa wasioweza kupona, katika nyumba ndogo aliyoazimwa na hospitali. Dawa yake kuu ilikuwa mofini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji na kutiwa rangi ili usikosewe, kwa gharama ndogo sana. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika. Mgonjwa aliyekuwa akipiga kelele usiku aliweza kulala, kuagana na watoto wake, na kupokea sakramenti akiwa na akili timamu. Sisi tulioketi kando ya vitanda vya wagonjwa bila kitu mkononi isipokuwa rozari twajua thamani ya usiku mmoja usio na maumivu.

6. Matanga na likelemba

Turudi Kisangani. Mji wetu una mito na misitu, una Chuo Kikuu tangu mwaka 1963, na una misheni ya Mtakatifu Gabrieli ambayo Padri Gabriel Grison aliianzisha siku ya Noeli ya mwaka 1897. Hatukosi watu wa huruma. Tunalokosa ni jingine, nasi tutalisema wazi kwa sababu ni letu sote.

Sisi huchanga tukishajua jina. Jirani akiugua hata kushindwa kusimama, ndipo daftari hupita nyumba kwa nyumba. Mgonjwa anayehitaji mionzi yampasa kwenda mbali, Kinshasa au ng'ambo ya mpaka, na nauli peke yake ni mapato ya familia kwa miezi mingi. Daftari linapita Mangobo, linapita Kabondo, linavuka mto hadi Lubunga, na ugonjwa hautungojei. Kwa yule dada, jumuiya yetu ilichanga kwa moyo. Tulipokuwa tukikusanya fedha za safari, alifariki. Na hapa ndipo penye aibu yetu: fedha za safari hazikutimia kamwe, lakini fedha za sanduku, turubai, chakula na muziki wa matanga zilipatikana kwa siku tatu, zikiwa mara mbili ya zile. Hakuna aliyekuwa mkatili. Matanga yana siku yake, na kila mtu hujua lini ataonekana hakuja. Ugonjwa hauna siku.

Hii ndiyo siri ya wale wacheza gofu, nayo haina uhusiano na majani yaliyokatwa vizuri. Sadaka yao ina tarehe. Imekusanywa kabla mgonjwa hajajulikana. Mtoto atakayeugua leukemia mwakani hajui jina la wachezaji, nao hawajui lake, lakini dawa yake imeshalipiwa. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mama yetu. Machozi yetu yalikuwa ya kweli, na huenda kicheko chao kilikuwa chepesi. Walichotuzidi ni kufika mapema.

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Alipokuwa akiwakusanyia maskini wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorintho kwamba kila siku ya kwanza ya juma kila mmoja aweke kando kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze siku yeye atakapofika. Na katika barua ya pili alieleza kwa nini alituma ndugu wengine wanaoaminika waandamane na fedha hizo, asije mtu akamlaumu juu ya sadaka kubwa namna ile. Tarehe iliyopangwa na hesabu iliyo wazi si uvumbuzi wa Wamarekani. Tulipewa na mtume, tukasahau.

Wala hatuna haja ya kujifunza upya. Akina mama wa masoko yetu wanayo likelemba. Siku ya zamu haisogei, mvua inyeshe au jua liwake, na anayeshika fedha hujulikana kwa jina. Likelemba haidumu kwa sababu watu wana fedha nyingi, yadumu kwa sababu siku imepangwa na hesabu husomwa mbele ya wote. Tuchukue utaratibu huo tuupeleke kwa wagonjwa.

Nazo fedha za kuanzia si za mashine ya mionzi. Saratani ya mlango wa kizazi, mojawapo ya zile zinazoua zaidi wanawake wa nchi yetu, huchukua miaka mingi kabla ya kukomaa. Muuguzi aliyefunzwa aweza kuupaka mlango wa kizazi asidi ya siki, na sehemu iliyoanza kuharibika ikageuka nyeupe machoni pake. Sehemu hiyo ndogo yaweza kutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku iyo hiyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zifikie malengo matatu kabla ya mwaka 2030: wasichana 90 katika 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 katika 100 wawe wamepimwa, na 90 katika 100 ya waliokutwa na ugonjwa wawe wanatibiwa. Gharama ya kumpima mwanamke mmoja ni ndogo kuliko mchango wa mtu mmoja katika matanga.

Basi twapendekeza kwa wanachama wenzetu jambo moja. Tarehe 28 Oktoba ni sikukuu ya Mitume Simoni na Yuda Tadei. Dominika iliyo karibu nayo, kila mwaka bila kuahirisha, timu za parokia zicheze kandanda, walimu dhidi ya wafanyabiashara, vijana dhidi ya wazee wao, na kila anayeingia atoe kidogo. Kabla ya mchezo, muuguzi aseme mbele ya wote dalili za ugonjwa, kwa jina lake. Mapato yatajwe jioni iyo hiyo. Yapelekwe na watu watatu, si mmoja, mahali palipotangazwa tangu mwanzo, kwa kuwapima wanawake wasio na uwezo. Dominika inayofuata hesabu isomwe kanisani, hata kama ni ndogo, na hasa ikiwa ni ndogo.

Yule mama tulimwonyesha maandiko haya kabla ya kuyatoa. Aliyasoma polepole, akauliza swali moja tu: “Tarehe mmeshaandika?”

Tumeandika.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

Je, katika jumuiya yetu, mchango wa mwisho wa ugonjwa ulikuwa kiasi gani, na wa matanga kiasi gani?

Ni ugonjwa gani ambao bado tunaogopa kuutaja kwa jina nyumbani mwetu?

Nani kati yetu yuko tayari kushika hesabu na kuisoma mbele ya wote?